Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mabasi ya haibridi ya mjini na pale umeme wake unapokaa

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu huuliza sana kuhusu haya mabasi. Mengine ni mafupi na majibu yake mafupi, mengine ndo kiini cha mambo yote kwahiyo nimejiachia kidogo. Swali la betri (la tatu) lisome hata kama unayaruka mengine yote.

Basi la haibridi ni nini hasa?

Ni basi lenye injini ya kawaida, mara nyingi dizeli, pamoja na mota ya umeme, alafu kuna kitu cha kutunzia umeme kati yao, kwa kawaida betri. Haibridi ya kawaida haichomekwi ukutani popote. Inajaza mafuta kama basi lingine lolote na umeme wote inajitengenezea yenyewe barabarani. Watu wengi wakiona kimeandikwa chochote cha umeme ubavuni mwa basi wanadhani ni basi la umeme tupu, hapana, hilo ni jingine kabisa.

Sasa kama halichajiwi, umeme unatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka kwenye breki. Fikiria basi la tani 15 likiwa spidi 50. Huo mwendo wenyewe ni nishati, ukipiga hesabu unapata karibu megajuli 1.45, sawa na kilowati-saa 0.4 hivi. Basi la kawaida likifika kituoni nishati yote hiyo inageuka joto kwenye breki na kupotea hewani, alafu dereva akiondoka anaitengeneza upya kwa dizeli, mita mia tatu mbele anaitupa tena. Lita moja ya dizeli ina karibu kilowati-saa 10 ndani yake ila injini inafikisha kama theluthi tu kwenye magurudumu, ndo kusema kila ukisimama kutoka spidi 50 umemwaga kama desilita moja ya mafuta, nusu glasi hivi. Sasa hesabu vituo, mataa na foleni za siku nzima.

Kwenye haibridi ukikanyaga breki ile mota inageuka jenereta, magurudumu yanaizungusha yenyewe badala ya yeye kuyazungusha, basi linapunguza mwendo na umeme unaenda kutunzwa. Hairudi yote. Unapoteza kidogo kwenye gia, kidogo kwenye mota, kidogo kwenye inveta (kile kifaa kinachobadilisha umeme kati ya betri na mota), kidogo kwenye betri wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, mwisho wa safari ukipata nusu au zaidi kidogo ya ulichokinga umefanya vizuri. Lakini nusu ya kitu kilichokuwa kinatupwa chote si haba.

Mbali na breki, injini nayo inaweza kuchaji pale inapokuwa na nguvu ya ziada.

Betri yake ni kubwa kiasi gani?

Ndogo kuliko unavyodhani, na hapa ndo wengi wanapotea. Mtu anazoea betri za simu na za magari ya umeme, anajua betri kubwa ni bora, kwahiyo akiambiwa basi zima lina betri ya kilowati-saa 5 au 10 anacheka, maana basi la umeme tupu la mita 12 linabeba 300 na zaidi. Anadhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Rudi kwenye ile 0.4. Hicho ndicho kituo kimoja kinachokupa. Betri ya kilowati-saa 5 ingeweza kumeza vituo kumi na mbili mfululizo bila kutoa kitu, na hakuna basi linalosimama mara kumi na mbili bila kuondoka! Linasimama, linaondoka, kinachoingia kinatoka hapohapo. Kwahiyo ukubwa sio shida.

Shida ni muda. Ile nishati inakuja ndani ya sekunde kumi tu. Megajuli 1.45 kwa sekunde kumi ni kilowati 145, na hiyo ni ya kuingizwa sasa hivi, sio baadae, kwa sababu sekunde ya kumi na moja basi limeshasimama na biashara imeisha. Ni kama mvua kubwa ya dakika moja: ukiwa na pipa refu lenye tundu dogo juu utaambulia vikombe viwili, mwenzako mwenye beseni pana na fupi anajaza. Betri ya haibridi inatakiwa iwe beseni. Ile ya basi la umeme ni pipa.

Ukishaelewa hilo mengine yote kwenye ukurasa huu yanajieleza, kwanini watu wanahangaika na superkapasita (nitaieleza chini), kwanini betri inapozwa kama injini, kwanini dereva anaambiwa asikanyage breki kwa kishindo. Vyote vinahusu upana wa mdomo.

Haibridi ya sirizi na ya parareli tofauti yake nini?

Kwenye sirizi injini haijaungana na magurudumu kabisa, hakuna propela shafti inayotoka kwake. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unaenda kwenye mota, mota ndo inasukuma basi. Uzuri wake injini inaweza kuwa ndogo na ikazunguka kwa mwendo inaoupenda yenyewe. Yale mabasi mapya ya ghorofa ya London, New Routemaster, yaliyoanza kazi 2012, ni sirizi na injini yake ni ya lita 4.5 tu wakati ni ghorofa zima. Ubaya, kila tone la dizeli linabadilishwa mara mbili kabla ya kufika barabarani (mzunguko kuwa umeme, umeme kuwa mzunguko) na kila mageuzi yana ushuru wake. Mjini hausikii sana, ila barabara ndefu iliyonyooka unausikia.

Kwenye parareli injini na mota zote mbili zinaweza kusukuma magurudumu moja kwa moja, pamoja au kwa zamu. Mota mara nyingi inakaa kati ya injini na giaboksi. Volvo walienda njia hii. Inafaa zaidi ruti zenye vipande virefu vya kukimbia.

Alafu kuna mchanganyiko, giaboksi yenye mota mbili ndani ambayo inagawa nguvu kwa namna zote mbili. Allison, kampuni ya giaboksi ya Marekani, walitengeneza hiyo na King County Metro, shirika la mabasi la Seattle, wakanunua mabasi marefu ya kukunjika zaidi ya 200 yenye mfumo huo mwaka 2004, yakachukua nafasi ya mabasi ya zamani yaliyokuwa yanatumia nyaya za juu ndani ya handaki la katikati ya jiji na dizeli nje. New York miaka hiyohiyo wao walikuwa wananunua sirizi kwa mamia. Sio kwamba mmoja alikosea. Seattle basi lilikuwa linatoka handakini linaingia barabara kuu, Manhattan linatoka taa hii kwenda taa ile. Ruti ndo inachagua.

Betri za aina gani zinatumika?

Za mwanzo zilikuwa za risasi na asidi, zilezile za kuwashia gari ila nyingi zimepangwa. New York walianza nazo. Bei rahisi, nzito, na zikipigwa chaji ya haraka kila dakika mbili zinachoka upesi. Zikafuata za nikeli, zilizostahimili zaidi, Allison walizitumia. Sasa hivi ni lithiamu karibu kila mahali, ila "lithiamu" ni ukoo, sio mtu mmoja:

LFP ni ya chuma na fosfeti. Haibebi nyingi sana kwa kilo lakini ni tulivu, ngumu kuwaka kuliko ndugu zake, inadumu. NMC ya nikeli, manganizi na kobalti inabeba nyingi zaidi kwa kilo ile ile, ila inataka uangalizi wa karibu wa joto. Na LTO, yenye titani upande mmoja, ambayo ukiisoma kwenye karatasi inaonekana dhaifu kwa sababu seli moja ni volti 2.3 hivi wakati LFP ni 3.2, kwahiyo kwa uzito ule ule unapata kidogo na bei iko juu. Lakini inakubali kuchajiwa haraka kupita wenzake na inavumilia mizunguko ya kujaa na kuisha zaidi ya elfu kumi. Nani ana mdomo mpana hapo? Mimi ningekuwa nanunua basi la vituo vya karibukaribu ningeuliza LTO kwanza kabla ya kuangalia kitu kingine.

Superkapasita ni nini na inashinda betri?

Ni kapasita kama ile ya kwenye redio ila imekuzwa mno. Haitumii kemia kutunza umeme, chaji zinakaa tu juu ya uso wa kaboni yenye vishimo vingi sana, ndo maana inajaa na kuisha ndani ya sekunde na inaweza kurudia hivyo kama mara milioni moja. Kwa kukinga breki hakuna kinachoifikia.

Lakini kwa kilo moja inabeba wati-saa 5 hivi, lithiamu ni 100 na kuendelea. Ukikwama kwenye foleni ya nusu saa na esi inaunguruma, superkapasita itakuwa tupu zamani na injini itawaka. Jambo lingine, volti yake inashuka kadiri inavyotoa, ukiitumia mpaka nusu ya volti umeshachukua robo tatu ya nishati yote iliyokuwemo, kwahiyo inveta inabidi iwe inajua kufanya kazi na volti inayopanda na kushuka muda wote.

Kampuni ya MAN ya Ujerumani walitengeneza haibridi ya sirizi yenye superkapasita juu ya paa. Shanghai mwaka 2006 wakaenda mbali zaidi, wakaingiza barabarani basi lisilo na injini kabisa, superkapasita tupu, linajaza kituoni wakati abiria wanapanda. Kuna wanaochanganya vyote viwili, superkapasita inapokea kishindo cha breki na betri inabeba mzigo wa polepole. Kiakili ni sahihi kabisa, kifedha na kwa idadi ya vitu vya kuharibika ndo watu wanasita.

Nimesikia kuna basi lililotumia gurudumu zito badala ya betri, kweli?

Kweli kabisa, na ni kisa ninachokipenda. Kampuni ya Oerlikon ya Uswisi ilitengeneza basi lililoitwa Gyrobus, chini ya sakafu kuna gurudumu la chuma la tani moja na nusu linalozunguka mara 3,000 kwa dakika. Likifika kituoni linanyanyua vijiti vitatu juu ya paa vinagusa umeme, gurudumu linapata kasi, kisha basi linaondoka likitumia ule mzunguko kuzalisha umeme wa mota. Kilomita kama 6 linataka chaji tena. Lilianza Yverdon mwaka 1953, likaenda Ghent kule Ubelgiji, na Léopoldville ambayo leo ni Kinshasa walikuwa na 12. Hayakudumu miaka mingi, mazito, yanakula umeme, beringi zinateseka. Lakini angalia wazo lenyewe: chaji fupi kituoni, safari fupi, chaji tena. Shanghai 2006 ni wazo hilohilo limevaa nguo mpya.

Linaokoa mafuta kiasi gani kweli?

Namba utakayoisikia sana ni asilimia 20 mpaka 30 na kwa ruti ya mjini yenye kusimama kila mara sio uongo. Ila hiyo namba sio ya basi, ni ya ruti. Basi lilelile ukilipeleka barabara kuu linakimbia 80 bila kusimama, hakuna breki, hakuna cha kukinga, umebeba betri na mota kama mzigo tu. Esi nayo inakula sana, basi lililojaa watu kwenye joto kali linaweza kupoteza sehemu kubwa ya kile ilichokiokoa. Kwahiyo mtu akikuonyesha asilimia bila kukwambia mwendo wa wastani wa ruti aliyopimia, mwambie arudi na taarifa kamili.

Breki zenyewe pia zinadumu zaidi maana kazi kubwa inafanywa na mota. Watu husahau kuihesabu hiyo.

Kuna haibridi "ndogo" ya volti 48, hiyo nayo ni haibridi?

Ndio ila usitegemee makubwa. Mercedes-Benz Citaro hybrid iliyotoka 2017 ina mota ya kilowati 14 na superkapasita, na wenyewe walitaja mpaka asilimia 8.5 ya akiba. Kumbuka breki ilitaka kumwaga kilowati 145, hiyo inakinga 14. Lakini bei ya nyongeza ni ndogo na fundi hashughuliki na volti za kuua, kwahiyo hesabu inaweza kukubali.

Injini ikizima kituoni, milango na breki za upepo vinafanyaje kazi?

Swali zuri sana, na ndo sehemu inayogharimu kuliko watu wanavyojua. Basi la kawaida kompresa ya upepo, pampu ya stelingi na esi vyote vinazungushwa na injini kwa mikanda au gia. Ukizima injini unabaki na usukani mgumu na upepo unaopungua. Haibridi ya kweli inabidi ihamishe vyote hivyo viwe vya umeme, kila kimoja na mota yake. Usumbufu, lakini kuna faida yake, kompresa ya umeme inazunguka inapohitajika tu badala ya kuzunguka siku nzima.

Kuna kitu kingine kinachosumbua, ekzosi. Mifumo ya kisasa ya kusafisha moshi inataka joto, karibu nyuzi 200 na kuendelea ndo inafanya kazi sawasawa. Injini inayozimwa kila dakika ekzosi yake inapoa. Kwahiyo wakati mwingine unaona haibridi iko kituoni na injini inawaka tu, abiria wanasema imeharibika, kumbe kompyuta inatunza joto.

Dereva abadilishe nini?

Breki mapema na taratibu, hilo tu karibu. Ukikanyaga kwa nguvu dakika ya mwisho mota inafika mwisho wa uwezo wake na kinachozidi kinaenda kwenye breki za kawaida, yaani umerudi kutupa nishati. Barabara ikiteleza kompyuta yenyewe inapunguza ukingaji wa mota ili magurudumu yasifunge, usishangae. Dereva wawili, basi moja, ruti moja, matumizi ya mafuta tofauti kabisa, na aliyezoea kukimbilia taa nyekundu ndo analeta bili kubwa.

Mteremko mrefu je?

Betri inajaa. Ile ndogo ya kilowati-saa 5 kwenye mteremko wa nguvu inajaa mapema, na ikijaa haipokei tena, kama beseni lililofurika. Mabasi mengine yana rezista kubwa juu ya paa ya kuchoma umeme wa ziada, mengine yanatumia injini kama breki, mengine yanarudi kwenye breki za kawaida. Kama jiji lako lina milima uliza hili kabla ya kusaini chochote, na uliza betri inaanza mteremko ikiwa na chaji kiasi gani.

Betri inadumu miaka mingapi?

Inategemea mambo mawili, joto na upana wa matumizi. Haibridi haitumii betri kutoka 100 mpaka 0. Kompyuta inaibakiza katikati, inatumia labda robo tu ya uwezo wake, juu inaacha nafasi ya kupokea breki na chini inaacha akiba, na huo ndo ujanja unaoifanya ivumilie mizunguko mingi hivyo. Joto ndo adui. Seli za lithiamu zinapenda joto tunalolipenda sisi, nyuzi 15 mpaka 35 hivi, ukizipika kila siku zinazeeka haraka na ukizichaji kwenye baridi ya kuganda unaziharibu ndani kwa ndani. Ndo maana kuna feni, maji ya kupoza, hata esi yake yenyewe. Chujio la hewa la betri likijaa vumbi na hakuna anayelisafisha, betri inakufa kimyakimya na lawama anapewa aliyeiuza.

Kwa kawaida betri ikishuka mpaka asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo inahesabiwa imestaafu kwenye basi. Inaweza kuendelea na kazi nyepesi ya kutunza umeme wa jengo.

Ni hatari? Mvua, maji, moto?

Ukiacha ile ndogo ya volti 48, mfumo ni volti 600 na zaidi, hiyo inaua, tuseme wazi. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa ili kila mtu azitambue. Hazijaungwa na bodi ya gari kabisa na kuna kifaa kinachopima muda wote kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi, kikihisi kinakata. Abiria na mvua wasikutie wasiwasi.

Wa kuogopa ni fundi mwenye haraka. Ukichomoa swichi ya usalama, kapasita za ndani ya inveta bado zina chaji, unasubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu, unapima kwa mita kuhakikisha ni sifuri, glavu za mpira za volti 1,000 zipo mkononi ndo unagusa. Usipime kwa kidole.

Moto wa lithiamu ni nadra ila ni mbaya, seli moja ikipata joto kupita kiasi inapasha jirani yake na jirani anapasha mwingine. Unataka maji mengi sana na muda, na unaweza kuwaka tena baada ya kuzimwa, kwahiyo basi lililoungua liegeshwe mbali na mengine.

Naweza kubadilisha basi la zamani kuwa haibridi?

Inawezekana. Hailipi mara nyingi. Rudi kwenye jibu la kompresa na stelingi uone utabadilisha vitu vingapi.

Haibridi ya kuchomeka ni tofauti?

Ndio, hapo betri inakuwa kubwa kiasi, inachajiwa mwisho wa ruti kwa dakika chache kwa mkono unaoshuka kutoka juu, na basi linatembea kilomita kadhaa bila injini. Volvo waliyajaribu Gothenburg kule Sweden mwaka 2013, kilomita 7 hivi za umeme. Inafaa pale unapotaka katikati ya mji pasiwe na moshi lakini pembeni bado unahitaji dizeli.

Kwanini basi tusinunue umeme tupu tukaachana na haya?

Wengine wameshafanya. Jiji la Shenzhen kule China walimaliza kubadilisha mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, mwisho wa 2017. Na Umoja wa Ulaya wameweka sheria kwamba mpaka 2030 asilimia 90 ya mabasi mapya ya mjini yawe hayatoi moshi kabisa, 2035 yote, na haibridi ya dizeli haimo humo. Kwahiyo ukiniuliza haibridi inaenda wapi nitakwambia inaondoka kama dizeli, pole pole.

Ila pale ambapo umeme wa depo hautoshi kuchaji mabasi mia usiku mmoja, au ruti ni ndefu kuliko betri, haibridi inaingia kazini kesho asubuhi bila kuchimba hata mtaro mmoja wa nyaya. Na usifikiri teknolojia inatupwa. Basi la hidrojeni lina betri ndani ya kukinga breki, hilo ni haibridi tu limebadilisha injini. Basi la nyaya za juu siku hizi linabeba betri kwa vipande visivyo na nyaya. Hata basi la umeme tupu linakinga breki kwa mota ile ile na inveta ile ile, fundi aliyejifunza kwenye haibridi hana kigeni hapo zaidi ya ukubwa wa pipa.